Tangawizi ya sukari: Jinsi ya kuitengeneza nyumbani na kuitumia kwenye keki, kashata na chai

Kwenye supamaketi kubwa, upande wa vitu vya kuokea, kuna vipakiti vidogo vya vipande vya njano vilivyoviringishwa kwenye sukari. Hiyo ni tangawizi ya sukari: tangawizi iliyochemshwa ikalainika, ikapikwa kwenye shira, kisha ikakaushwa. Unaitafuna kama pipi, au unaikatakata na kuiweka kwenye vyakula.

Geuza kipakiti usome nyuma. Mara nyingi imetoka nje, wakati tangawizi inalimwa hapa hapa kwetu, kwenye milima ya Upare wilayani Same na Buhigwe mkoani Kigoma. Habari njema ni kwamba unaweza kuitengeneza kwa jiko la gesi la plate moja.

Tatizo ni sukari. Wote tunakumbuka ilivyopanda bei mwanzoni mwa 2024. Ukiunguza sufuria moja umetupa nusu kilo, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujawasha jiko.

Unachohitaji

Nusu kilo ya tangawizi (pima baada ya kumenya), nusu kilo ya sukari, sukari nyingine kidogo ya kuviringishia, na maji. Basi.

Sokoni chagua tangawizi changa, yenye ganda jembamba linalotoka hata kwa kukwangua na kijiko. Ile iliyokomaa sana ina nyuzi, na nyuzi hazilainiki hata uchemshe kutwa. Kama umeshainunua, ikate vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi, usifuate urefu wake.

Kupika

Kata vipande vyembamba, unene wa kama sarafu mbili. Mimina maji yafunike, chemsha kwa dakika 40 hivi mpaka kisu kipite bila kusukuma. Usiharakishe hatua hii. Tangawizi ikiingia kwenye sukari ikiwa bado ngumu, itabaki ngumu.

Chuja, lakini maji usimwage. Pima kikombe kimoja cha maji hayo, rudisha kwenye sufuria pamoja na tangawizi na sukari nusu kilo. Yanayobaki ni chai yako ya jioni.

Pika kwa moto wa wastani, koroga mara kwa mara, dakika 20 hadi 25. Mwanzoni mapovu ni mengi na mepesi, baadaye yanakuwa mazito na yanapasuka taratibu. Inua mwiko: shira ikidondoka kama uzi, epua. Kwa wenye kipimajoto cha jikoni, ni kama nyuzi joto 107.

Hapa ndipo wengi wanaharibu, mimi mwenyewe nikiwemo. Mara ya kwanza niliondoka kwenda kujibu meseji, yaani dakika tano tu, nikarudi nikakuta sufuria nyeusi. Dakika za mwisho usiondoke jikoni. Na watoto wakae mbali, shira ya moto inang'ang'ania kwenye ngozi na inaunguza vibaya kuliko maji.

Mwaga vyote kwenye chujio lililowekwa juu ya bakuli. Shira itakayochuruzika chini ihifadhi, ni mali. Tandaza vipande kwenye trei, acha nusu saa, na vikiwa bado vinanata viringisha kwenye sukari. Viache vikauke usiku kucha. Kwa walio Dar, Tanga au Zanzibar, masika vinaweza kuchukua siku mbili kwa sababu ya unyevu hewani.

Mbona ukali umepungua?

Sehemu ya ukali imebaki kwenye maji uliyochemshia. Joto pia linabadilisha kile kinachofanya tangawizi mbichi iwake mdomoni, inakuwa na ladha tulivu zaidi. Ukitaka iwe laini kwa watoto, badilisha maji katikati ya kuchemsha. Ukipenda iwake, acha maji yale yale.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini. Ndiyo maana ukiitumbukiza kwenye maziwa ya uvuguvugu yanaweza kukatika, na jeli ya gelatini haigandi ukiiweka mbichi. Ikishachemshwa, kimeng'enya hicho kimekufa. Kwa hiyo tangawizi ya sukari unaweza kuiweka kwenye maziwa, mtindi, aiskrimu au jeli bila wasiwasi. (Na kama chai yako ya maziwa huwa inakatika, chemsha tangawizi na maji kwanza, maziwa yaje baadaye.)

Kwenye keki na biskuti

Keki ya nusu kilo ya unga inatosha gramu 100, iliyokatwa ndogo kama zabibu kavu. Punguza sukari ya keki kwa gramu 50, maana hivyo vipande vinakuja na sukari yake. Vipande vizito huzama chini. Kuviringisha kwenye unga kidogo kunasaidia, ila dawa hasa ni mchanganyiko usiwe mwepesi. Kama wako ni mwepesi, mimina nusu kwenye chombo bila tangawizi, kisha changanya tangawizi kwenye nusu iliyobaki na uimimine juu.

Inaelewana sana na ndizi mbivu, karoti, maganda ya chungwa yaliyokunwa na chokoleti nyeusi. Kwa vanila sioni kama inaongeza kitu.

Biskuti ndiyo sehemu ninayoipenda. Saga siagi gramu 125 na sukari gramu 100, weka yai moja, unga gramu 250, kisha tangawizi gramu 60 iliyokatwa ndogo sana. Tengeneza vidonge, bonyeza kidogo, oka nyuzi joto 180 kwa dakika 12 hadi 15. Kwa jiko la mkaa, moto mwingi uwe juu na kidogo chini, kwa sababu sukari ya vipande vilivyogusa trei inaungua kwanza.

Kwa mandazi, hakikisha vipande vimezama ndani ya donge. Kinachochungulia nje kitaungua kwenye mafuta na kuacha uchungu kwenye karai zima.

Kashata, kahawa na mengine

Kwenye kashata za nazi au karanga, tangawizi iingie mwisho kabisa, sekunde chache kabla ya kumwaga kwenye sinia. Ikikaa kwenye sukari inayochemka itakuwa ngumu kama kokoto. Kipande kimoja pembeni ya kikombe cha kahawa chungu nacho kinafanya kazi ile ile ya kashata.

Kwenye uji wa ulezi katia vipande viwili vitatu, usiongeze sukari. Kwenye chatne ya embe bichi weka kijiko kikubwa kimoja badala ya sehemu ya sukari. Kwa kuku wa kuoka, ponda vipande vichache na ndimu, chumvi na pilipili, umpake dakika kumi za mwisho. Ukimpaka mapema anageuka mkaa nje, ndani bado.

Na ile shira? Ichovyee kaimati, au changanya vijiko viwili na ndimu na maji baridi upate juisi ya haraka. Sukari iliyobaki kwenye trei ina harufu ya tangawizi, weka kwenye chai.

Kuhifadhi, na nani awe makini

Chupa kavu yenye mfuniko unaobana, mbali na jua, inakaa miezi kadhaa. Kwenye friji weka shira tu, vipande vikiwa humo vinanyonya unyevu na kunata. Ukiona ukungu, tupa yote.

Hii ni pipi, hata kama ina tangawizi ndani. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, aongee na daktari kabla ya kuila kila siku. Watoto wadogo wasipewe vipande vizima, vinaweza kuwakaba.