Kaure za Kichina za Ozi

Vyombo vya Kichina vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, ambavyo vigae vyake vimepatikana katika magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, pwani ya Kenya, mto Ozi unapoingia baharini. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba mji huo miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kuuhusu mwaka 1966.

Utambuzi huanzia palipovunjika, si kwenye nakshi. Kaure ni ngumu, ina punje laini na haifyonzi maji. Vyombo vya Uajemi vyenye rangi ya feruzi, ambavyo wengi huvidhania vya Kichina, vina udongo laini wa manjano hafifu. Seledoni ya Longquan, Uchina, ni ya kijani, na kiini chake ni cha kijivu. Kaure nyeupe yenye michoro ya buluu huongezeka kuanzia karne ya 15.

Mabakuli mazima ni adimu. Mengine yalipachikwa makaburini, kama kwenye kaburi la nguzo la Mambrui, kisha yakang'olewa na watafuta vitu vya kale. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006, vitu vya kale vinavyogunduliwa ardhini ni mali ya serikali. Kigae kilichookotwa bila kuandikiwa kilikotoka humfaa mtafiti kidogo mno.