Shikizi

“Kazi umepata?”

“Nimejishikiza tu, kaka.”

Jibu hilo Mbagala Rangi Tatu halihitaji kamusi. Hata shule shikizi tunazijua.

Basi kwa nini tuseme “mashine ya msaada wa muda wa moyo na mapafu”, jina refu kama foleni ya Barabara ya Kilwa? Mpira huchota damu mshipani, mtambo huitia oksijeni, pampu huirudisha mwilini. Moyo uliochoka hupumzika siku kadhaa, pengine wiki. Ndugu wa mashine hiyo, yule wa chumba cha upasuaji, aliyefanikiwa mikononi mwa daktari John Gibbon mwaka 1953, hushikiza saa chache tu; Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, humtumia.

Mimi naandika “moyo shikizi”. Wataalamu watanuna, najua.