Bibi Hore na Njia ya Mgunda Mkali

Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 hupita katika nchi ya Manyoni na Itigi, na msafiri aketiye dirishani huona vichaka vilivyosukana hata akachoka kuvitazama. Nchi ile watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali, wakaiogopa kwa sababu ya kiu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanamke mmoja aliyeivuka pamoja na mtoto wake mdogo, katika safari iliyoanza mwaka 1884.

Jina lake Annie Boyle Hore, Mwingereza. Mumewe, Edward Coode Hore, alikuwa baharia kabla ya kuingia katika kazi ya Misheni ya London, naye alifika Ujiji mwaka 1878. Baada ya kuoa alitaka kurudi ziwani pamoja na mkewe. Jaribio la kwanza halikufaulu, lakini Bibi Hore hakukata tamaa.

Alitengenezewa kiti cha magurudumu, namna ya vile vilivyotumiwa Uingereza kuwasukumia wagonjwa. Lakini njia ya misafara ilikuwa nyembamba, watu hufuatana mmoja mmoja, na magurudumu hayakufaa. Basi kiti kikatungikwa mtini, wapagazi wakakichukua mabegani kwa zamu. Hivyo akapita Mpwapwa na Ugogo, ambako misafara ilitoa hongo ya nguo ili kuruhusiwa kupita na kuteka maji, kisha akaingia Mgunda Mkali.

Huko wapagazi walikuwa na desturi waliyoiita kuterekeza. Watu hula na kunywa asubuhi, hujaza vibuyu vyao, huondoka jua likiwa kali, huenda mpaka jioni, na kulala pasipo maji. Alfajiri huamka tena, wapate kukifikia kisima kabla ya kuzimia. Mpagazi alifanya hayo naye amejitwika mzigo wa ratili 60 au 70. Mdaburu na Jiwe la Mkoa vilijulikana sana kwa wasafiri wa zamani, kwa kuwa baada ya pori mtu aliweza kupata chakula na maji.

Mapema mwaka 1885 Bibi Hore alifika Ujiji. Baadaye alikaa katika kisiwa cha Kavala, akawafundisha wasichana. Habari za safari yake aliziandika katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1886, na kile kiti kikaingia katika jina la kitabu. Waliokichukua hawakuingia.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Katika misafara ya Wanyamwezi walikuwamo wanawake wengi, wake za wapagazi. Walichukua vyungu, mikeka na vyakula, na wengine walikuwa na watoto mgongoni. Jua lilipokuchwa mwanamume aliutua mzigo wake. Mkewe alianza kutafuta kuni na kupika. Wengine tena walipita njia ile ile wakielekea pwani, si kwa hiari yao, bali katika minyororo ya watumwa. Hao wote waliivuka Mgunda Mkali kwa miguu, wala hakuna aliyewaandikia kitabu.

Hatusemi haya ili kumpunguzia Bibi Hore sifa yake. Kuchukuliwa siku nyingi porini, mtoto akiwa mikononi, na kila homa ikiweza kuwa ya mwisho, si jambo jepesi. Wanaume wengi wa kwao wasingalithubutu. Lakini wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusomapo ya kuwa mtu fulani alisafiri mbali, na tuulize pia ni nani aliyemchukua, na ni nani aliyepika jioni ile.

Sisi walimu huwafundisha watoto majina ya wasafiri, nao huyakariri vizuri. Tukiwafundisha hayo tu, mtoto wa Manyoni atadhani kwamba nchi yake ilikuwa pori tupu lililongoja mgeni apite. Na ajue kwamba njia ile ilikanyagwa na nyayo za watu wake kwanza, na kwamba miongoni mwao walikuwamo akina mama ambao ujasiri wao haukupungua kwa kukosa kuandikwa.