Uzani wa mizigo ya ndege

Uzani wa mizigo ya ndege ni kadiri ya kilo ambayo abiria huruhusiwa kulikabidhi shirika la ndege pasipo malipo ya ziada. Na kila kilichozidi kadiri hiyo hutozwa ada. Sababu yake ni kuwa uzito huongeza matumizi ya mafuta, na usipogawanywa kwa mizani huhatarisha usalama wa safari.

Taratibu mashuhuri ni mbili: ya kwanza huhesabu jumla ya kilo bila kujali idadi ya mabegi, ya pili huhesabu mabegi yenyewe, kila moja likiwekewa mpaka, ambao katika daraja la kawaida aghalabu ni kilo 23, ilhali begi lipitalo kilo 32 kwa desturi hukataliwa, ili kuhifadhi afya za wachukuzi wanaoinua mizigo kwa mikono.

Kwa wakazi wa Eastlands, jijini Nairobi, taratibu hizi zina uzito wa pekee, kwani wafanyabiashara wa mtaa wa Eastleigh waagizao nguo Dubai, pamoja na vijana waendao nchi za Ghuba kutafuta riziki, huona tija yao ikipunguzwa na kilo chache zilizozidi. Kwa hiyo yafaa mzigo upimwe nyumbani, na ziada inunuliwe mapema, kwani aghalabu ada ya uwanjani huwa ghali zaidi.