Mkao wa Nukleosomu

Nukleosomu ni kipande cha DNA chenye jozi za besi 147 hivi, kilichojiviringisha karibu mara moja na theluthi mbili kuzunguka fungu la protini nane ziitwazo histoni. Kwa ukunjaji unaoanzia hapo, DNA ya seli moja ya binadamu, ambayo ikinyooshwa hufika takriban mita 2, huenea ndani ya kiini cha seli. Roger Kornberg alieleza muundo huo mwaka 1974. Jina likatoka mwaka uliofuata katika maabara ya Pierre Chambon, Strasbourg, Ufaransa. Kwa kuwa katika Kiswahili tumezoea neno kromosomu, nukleosomu haihitaji kutafutiwa jina jingine.

Kazi iko kwenye istilahi inayotaja mahali nukleosomu ilipo kwenye DNA. Ukisema “upangaji”, msomaji atauliza nani kapanga. “Mkao” hueleza namna kitu kilivyokaa, bila kumtaja aliyekiweka. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu vinavyoathiri mkao huo ni vingi.

Cha kwanza ni mfuatano wa besi wenyewe. Ili DNA izunguke histoni, sharti ipinde sana, na vipande vyake havipindi sawa. Ni kama ukindu: uliolowa hufuata mkono wa msusi, mkavu hukataa. Besi mbili mbili zinazofuatana, yaani AA, TT na TA, zikijirudia kila besi 10 hivi, pale ambapo mfuo mdogo wa DNA umeelekea histoni, kujipinda huwa rahisi. GC hupendelea upande wa pili. Mwaka 1998 Peggy Lowary na Jonathan Widom walichuja DNA iliyotengenezwa maabara, wakapata mfuatano unaoshika histoni kwa nguvu ya pekee, uitwao 601. Kinyume chake, mlolongo mrefu wa besi A tupu ni mkakamavu. Katika hamira, milolongo hiyo hupatikana sana karibu na mianzo ya jeni, ambako nukleosomu huwa chache na protini za kusoma jeni hupata nafasi.

Lakini ndani ya seli hai zipo pia protini zinazotumia nishati ya ATP kuzisogeza nukleosomu, na nyingine zinazoshindania DNA hiyo hiyo. Kwa hiyo tuandike kwamba mfuatano wa besi “huathiri” mkao wa nukleosomu. Anayeandika “huamua” amesema zaidi ya ushahidi uliopo.