Waliotazama Juu kwa Nukta Chache

Ndugu vijana, tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilivuka kaskazini mwa Brazili, kikapita juu ya Bahari ya Atlantiki na kisiwa cha Príncipe, kisha kikaikata Afrika ya kati mpaka mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika nchi yetu. Kilipopita, mchana uligeuka usiku.

Wataalamu walikuwa wakiingojea siku hiyo. Albert Einstein alikuwa amefundisha kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua hupindika. Siku za kawaida jambo hilo halikuweza kupimwa, kwa maana mng'ao wa jua huzificha nyota. Jua likipatwa kabisa, nyota huonekana, na picha zake hulinganishwa na zile zilizopigwa usiku.

Mnamo 1914 Mjerumani Erwin Freundlich alikwenda Crimea kwa kazi hiyo. Vita ikazuka, Warusi wakamkamata, naye akakosa kupima. Lakini hesabu ya Einstein wakati huo ilikuwa nusu tu ya ile aliyoikamilisha mwaka 1915. Kama Freundlich angalifaulu, Einstein angalionekana amekosea.

Baada ya vita, Waingereza walituma vikosi viwili. Arthur Eddington, Mkristo wa madhehebu ya Wakweka aliyekataa kushika silaha, alikwenda Príncipe pamoja na Edwin Cottingham. Asubuhi mvua kubwa ilinyesha, na mawingu hayakuondoka yote. Eddington alishughulika kubadilisha vioo vya picha. Alitazama juu mara mbili tu, kuhakikisha kwamba giza limeanza na kupima wingi wa mawingu. Katika picha 16, chache sana zilionyesha nyota.

Huko Sobral, Brazili, Andrew Crommelin na Charles Davidson walipata anga safi, lakini joto liliharibu picha za darubini yao kubwa. Kazi iliokolewa na lenzi ndogo ya inchi 4, waliyoazima kwa msaada wa Padre Aloysius Cortie, Mjesuiti. Picha zake 7 zilitoka safi. Padre mwenyewe hakuwako Sobral.

Tarehe 6 Novemba 1919 matokeo yalitangazwa London. Einstein alikuwa ametabiri mpindo wa sekunde 1.75 za pembe. Sobral walipata 1.98, Príncipe 1.61. Waingereza wakakiri hadharani kwamba mtu wa Berlin, mji mkuu wa adui wa jana, amesema kweli.

Vijana wapenzi, aliyesafiri mwezi mzima hakupata nafasi ya kulitazama jua likipatwa, na aliyetafuta lenzi hakufika kabisa. Hata hivyo, ulimwengu uliona kwa kazi yao. Tujadiliane kikundini: je, tuko tayari kufanya kazi ambayo wengine ndio watakaofurahia matunda yake? Na tukiusikia ukweli kutoka kinywani mwa jirani tuliyepigana naye, tutaupima kwa haki?