Vipokezi vya protini-G katika seli za neva

Vipokezi vya protini-G ni jamii kubwa ya protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli. Hupokea ujumbe wa kikemikali ulioko nje na kuufikisha ndani bila kemikali yenyewe kuvuka utando. Mgeni hubisha hodi, habari zake zikapokelewa mlangoni. Binadamu ana jeni takriban 800 za vipokezi hivi, karibu nusu yake zikiwa za kunusia. Kila kipokezi ni mnyororo mmoja wa asidi amino unaopenya utando mara saba.

Katika seli ya neva viko pia vipokezi ambavyo ni mifereji ya ioni, navyo hufunguka kwa milisekunde chache. Vile vya protini-G huchelewa zaidi, lakini athari yake hudumu kwa sekunde au hata dakika kadhaa. Aghalabu haviiamuru seli ifyatue mpigo wa umeme; huiongezea au kuipunguzia wepesi wa kufyatua.

Upande wa ndani hukaa protini-G yenyewe, yenye vipande vitatu: alfa, beta na gama. Ikiwa imetulia, alfa hushikilia molekuli ya GDP. Kipokezi kikiamshwa hubadili umbo, alfa huiachia GDP, hushika GTP, kisha hujitenga na beta na gama, ambazo hazitengani. Tangu hapo kila upande hushika kazi yake.

Mfano ulio wazi ni kipokezi cha mu, kinachoamshwa na endofini za mwili na vilevile na mofini. Alfa yake hukizuia kimeng'enya cha adenili saiklasi, hivyo AMP ya mzunguko, mjumbe wa ndani ya seli, hupungua. Beta na gama hufungua mifereji ya potasiamu. Ioni hizo hutoka, na ndani ya seli huzidi kuwa hasi. Kwenye ncha za neva zinazoleta maumivu kwenye uti wa mgongo, beta na gama hizohizo huibana mifereji ya kalsiamu, na bila kalsiamu nyurotransmita hazimwagwi ipasavyo. Maumivu hufifia. Kwa bahati mbaya, kipokezi hichohicho kimo kwenye neva za shina la ubongo zinazoendesha pumzi, na ndiyo maana mofini ikizidi huua. Dawa ya naloksoni huokoa kwa kukikalia kipokezi pasipo kukiamsha.

Vipokezi vingine huenda kinyume. Kipokezi cha D1 cha dopamini huongeza AMP ya mzunguko, na vingine huachilia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Kafeini ya kahawa huondoa usingizi kwa kuvizuia vipokezi vya adenosini, navyo ni vya jamii hii.

Vitabu vingi hueleza kwa kirefu jinsi ishara inavyowashwa, na kuzimwa kwake hupewa mistari michache, ilhali kuna uzito uleule. Alfa huivunja GTP yake kuwa GDP na kurudiana na wenzake. Protini ya arestini nayo hukiziba kipokezi kilichotumika mno. Sumu ya kipindupindu hudhuru kwa kuzuia hatua hiyo ya kwanza katika seli za utumbo: alfa haizimiki, na maji humwagika mfululizo.

Alfred Gilman na Martin Rodbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1994 kwa ugunduzi wa protini-G. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka waliipata mwaka 2012 kwa utafiti wa vipokezi. Takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hulenga vipokezi vya jamii hii.